Gari Linalozimika Likirudi Tupu

4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Najua umeitikia kwa kununa, lakini umeitikia.

Mama kanieleza yote. Eti gari la wagonjwa linakuzimikia njiani, mafundi wa ofisi wakilikagua wanalikuta zima, na sasa Afisa Usafiri anasema unalizima mwenyewe ili upige soga kwa watu. Eti tarehe 12 Juni unaitwa mbele ya kamati, na usipokuwa na maelezo unarudisha ufunguo. Miaka kumi na tisa ya usukani, mjomba! Wewe ambaye hata kwenye kochi la nyumbani huketi upande wowote ila wa dereva!

Sasa tulia. Mpwa wako hakumaliza shule, kweli. Kidato cha pili mimi na hesabu tuliachana kwa amani. Lakini hapa gerejini kwa Bibi Tester, gari likigoma ninaitwa mimi. (Bibi Tester ndiye bosi wangu. Tester yake ya kupimia umeme anaichomeka kwenye kilemba, kama karani anavyochomeka kalamu sikioni.) Mwezi wa saba ananikabidhi mashine ya kusoma kompyuta za magari, niishike mimi peke yangu. Kuna mafundi wawili wenye ndevu wanaimezea mate tangu mwaka juzi. Ndevu zimewasaidia nini?

Kwa maelezo ya mama, jibu ninalo tayari: kontroli boksi imekufa. Hicho ndicho kisanduku chenye ubongo wa gari, kinachoamua injini ipewe mafuta kiasi gani na wakati gani. Waambie wabadilishe, mchezo uishe.

Nilipomwambia Bibi Tester hivyo alinitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye chai. "Hujalisikia, hujaligusa, umeshalichimbia kaburi?" Yeye ana utaratibu wake: kabla fundi hajafungua boneti, amuulize dereva gari lilikuwa likifanya nini lilipozimika. Basi nakuuliza. Linatoka wapi, linakwenda wapi, limebeba nini, na likizimika wewe unafanya nini? Niandikie, maana huko kituoni kwenu mtandao wa simu ni wa kusimuliwa tu. Dereva wa lori la dawa anayekuletea hii atalichukua jibu akirudi.

Mpwa wako,
Profesa wa Nyaya


9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Sijanuna. Huu ndio uso wangu.

Profesa! Mara ya mwisho nilikuona ukirushwa na plagi ya pasi hadi mlangoni, ukamwita mama yako kwa sauti ya mtoto wa mbuzi. Hongera kwa cheo.

Maswali ya bosi wako yana akili, kwa hiyo nayajibu. Gari linazimika likirudi tu. Kwenda hospitali kubwa ni kilomita themanini, mgonjwa kwenye machela, nesi kando yake, na linateleza tu. Mgonjwa akishashushwa, nesi hubaki naye, mimi narudi peke yangu. Hapo ndipo linapokata. Halikohoi, halitetemi. Taa zote za dashibodi zinawaka kwa pamoja, usukani unakuwa mzito kama gunia, kimya. Mara saba tangu mwezi wa pili. Shahidi hakuna. Wamebadilisha betri, wamebadilisha altaneta inayoichaji, hali ni ile ile.

Usidhani nakaa tu. Nafanya ile dawa yako: nachomoa waya wa betri, nahesabu hadi mia tatu, narudisha. Siku nyingine linawaka hapo hapo, siku nyingine baada ya kuhesabu mara tano. Nikifika kituoni naulizwa nilikuwa kwa nani.

Afisa Usafiri si mtu mbaya. Ni binti mwenye umri wa dada yako mkubwa, ananiamkia vizuri kila asubuhi. Lakini anasoma karatasi, na karatasi zinasema gari halina ubaya. "Mzee wangu," aliniambia, "gari gani linachagua abiria?" Nilikosa neno.

Nipe neno. Usinipe pole, nimeshapewa nyingi.

Mjomba wako,
Dereva (hadi tarehe 12)


14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Umekaa?

USIGUSE TENA WAYA WA BETRI.

Kompyuta ya gari ina daftari lake. Kila likipatwa na jambo inaandika: siku fulani kihisi fulani cha injini hakikuitika, siku fulani umeme ulipungua. Mashine yetu ikichomekwa inasoma daftari hilo. Sasa magari mengi ya aina ya hilo lako ukichomoa waya wa betri, daftari linafutika. Yaani mara saba gari limeandika ugonjwa wake, na mara saba wewe umeupiga moto ushahidi wako mwenyewe, kisha ukawapelekea mafundi majivu wayasome!

Najua utasema, dawa nilikupa mimi. Nilikupa. Nilikuwa nimeijua wiki moja nikaona nimeshakuwa daktari. Bibi Tester aliposikia alicheka mpaka akakaa juu ya tairi, halafu akaacha kucheka. Kule kuacha ndiko kulikoniuma.

Sasa fanya hivi. Likizimika tena, toa ufunguo, mikono mfukoni. Usiliombe, usilipige teke, usihesabu. Likokotwe hadi kwa fundi wa ofisi achomeke mashine yake mbele ya Afisa mwenyewe. Utachelewa, watasema sana. Waache waseme. Siku zipo, na mimi silali kwenye jambo hili.

Profesa (cheo kimeshushwa kidogo)


22 Mei

Mpwa wangu,

Lilizimika juzi, saa nne asubuhi, kilomita thelathini kutoka hospitali. Nilitoa ufunguo nikaketi juu ya jiwe, mikono mfukoni kama ulivyoagiza. Hujui ugumu wa kazi hiyo. Akaja mtu na baiskeli, akaegemea. "Mzee, hata boneti hufungui?" Nikamwambia nimekatazwa na profesa. Akaondoka akigeuka geuka nyuma. Trekta likaja kunikokota saa nane.

Fundi wa ofisi akachomeka mashine, Afisa amesimama nyuma yake amekunja mikono. Ukatoka mstari mmoja. Nimeunakili: "Umeme unaoingia kontroli boksi umeshuka chini ya kiwango." Fundi akapima betri, iko sawa. Akapima altaneta, iko sawa. Akakuna kichwa, na kichwa chenyewe hakina nywele.

Afisa aliusoma ule mstari mara tatu. Akasema, "Basi kweli lilizimika. Sasa sijui limezimika lenyewe au limezimishwa."

Nilifurahi, usicheke. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili kuna kitu kilichoandikwa ambacho hakiitwi uongo wangu.

Mjomba


26 Mei

Mjomba,

Shikamoo! Niliruka mpaka nikagonga kichwa kwenye boneti. Tumeishika kamba, haitutoki.

Bibi Tester kaichora kwenye sakafu kwa chaki. Betri ina umeme wa kutosha, altaneta inazalisha wa kutosha, lakini ukifika kwa boksi umepungua. Kwa hiyo njiani kuna kitu kinaunywa. Boksi ikipungukiwa hata kwa kufumba jicho inazimia, na injini nayo inakata. Na kwa kuwa ni wakati wa kurudi tu, kitu hicho wakati wa kwenda hakinywi.

Kwa hiyo agizo jipya, la kwake, mimi mjumbe tu. Niandikie kila kitu ambacho mkono wako unagusa tangu mgonjwa ashushwe hadi pale gari linapozimika. Usiandike habari za gari, andika za mikono. Kioo, taa, feni, hata ukijikuna andika umejikuna wapi.

Ile redio niliyokufungia usiihesabu, maana uliitoa mwaka jana Afisa alipopiga marufuku redio kwenye magari ya wagonjwa. Siku uliponiambia umeitoa nilisonya. Spika mbili chini ya kiti, fyuzi yake peke yake, kazi safi kama ya kiwandani! Afisa hajui sanaa.

Mpwa wako,
Profesa (cheo kinapanda)


31 Mei

Mpwa wangu,

Nimeanza barua hii mara nne.

Redio sikuitoa. Nilikudanganya, na Afisa nikamdanganya. Niliihamishia ndani ya kile kisanduku cha kuwekea vitambaa. Gari likipelekwa kukaguliwa naichomoa naificha kabatini, likirudi naichomeka.

Umetaka habari za mikono. Basi. Mgonjwa akishashushwa nafunga mlango wa nyuma. Nakunja shuka. Nafuta machela. Nakaa, nafunga mkanda. Nikishatoka geti la hospitali mkono wangu unawasha redio, na unapandisha sauti hadi mwisho.

Wewe unaona kazi yangu ni kukimbiza king'ora. Kwenda si kazi, kwenda nina mtu, natazama barabara. Kurudi ndiko kugumu. Kuna siku nimemshusha mtu akiwa ameshanyamaza, na machela iko pale nyuma ikigonga gonga kila shimo. Kilomita themanini, mpwa wangu, na ule mlio. Nilijaribu kuimba mwenyewe. Siwezi, unajua sauti yangu.

Kwa hiyo niliposhika redio yako nilisema huyu mtoto hajui alichonipa. Afisa alipokataza nilikusudia kuitoa. Nilifika hadi kwenye skrubu.

Sasa niambie kama ndiyo.

Mjomba


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Ndiyo. Ni redio. Itoe, ichome, izike. Usimwambie mtu. Gari halitazimika tena na maneno yataisha yenyewe.

Nina kazi nyingi.

Mpwa


5 Juni

Mpwa wangu,

Nimeitoa. Jana nimekwenda na kurudi, halikuzimika.

Maneno hayataisha yenyewe. Mara nane nimechelewa, kamati imekaa inaningoja, na gari likiacha kuzimika ghafla kabla ya kikao ndipo watasema, mnaona? Kaogopa kaacha mchezo. Kwa hiyo nitasimama niseme kweli. Redio yangu, kosa langu, nilikatazwa nikaficha. Jina la aliyeifunga halitatoka kinywani mwangu, hilo lisikutie hofu. Wakitaka ufunguo, watauchukua kwa kosa nililolifanya, si kwa lile nisilolifanya.

Swali moja tu, kwa kuwa fundi wa ofisi ataniuliza. Uliniambia redio ina waya wake na fyuzi yake. Kama ni hivyo, inanyweaje umeme wa boksi? Nimetazama sana chini ya dashibodi, macho yangu hayafiki.

Na barua yako ya mwisho ilikuwa fupi. Wewe hujawahi kuwa mfupi. Unaumwa?

Mjomba


7 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Siumwi. Naona aibu, na sijaizoea, ndiyo maana inanikaa vibaya kama koti la kuazima.

Redio haina fyuzi yake. Haikuwahi kuwa nayo. Siku ile nilikuwa na haraka ya kukuonyesha, na waya wa njano ulikuwa pale pale unaning'inia karibu na mkono wangu. Nikaukata, nikasokota ncha tatu pamoja kwa vidole, nikazungusha tepu nyeusi, nikakwambia "kama kiwandani". Sikuuliza ule waya unakwenda wapi. Unakwenda kwenye kontroli boksi.

Mwaka mzima barabara imekitikisa kile kiungo kikalegea na kuota kutu. Boksi peke yake inakunywa kidogo, kilikuwa kinastahimili. Ukipandisha sauti hadi mwisho, spika zinavuta, umeme unabanwa pale kwenye kutu, boksi inazimia. Kwa hiyo kutoa redio hakutoshi. Kiungo bado kipo. Siku moja kitaachia chenyewe, wakati wa kwenda, na mtu nyuma.

Nililijua hilo tarehe mbili, nikakuandikia mistari mitatu. Siku nne nimezunguka nalo. Jana nikamwambia Bibi Tester. Hakufoka. Akaitoa ile mashine kabatini mwake akampa mwenye ndevu mmoja, yule mwenye ndevu kidogo. Mwezi wa saba umekufa.

Sawa. Lakini tarehe 12 hutasimama peke yako kubeba mzigo wangu, na jina langu litatoka, utake usitake. Nakala ya barua niliyomwandikia Afisa iko nyuma ya hii. Usinune.

Mpwa wako


7 Juni

Kwa Afisa Usafiri,

Shikamoo. Mimi ni mpwa wa dereva wa gari la wagonjwa. Hatujuani, na baada ya barua hii huenda usitamani.

Waya wa njano unaolisha kontroli boksi nimeukata mimi, mwaka jana, kufunga redio. Fundi wako afungue chini ya dashibodi upande wa kushoto, nyuma ya kifuniko cha fyuzi, ataona tepu nyeusi imefungwa vibaya. Kufunga vibaya ni kwangu. Achomeke redio, apandishe sauti hadi mwisho, apime volti pale boksi inapoingilia umeme. Zikishuka, mjomba hajawahi kuzima gari hilo hata mara moja. Zisiposhuka, mimi ni mwongo na niitwe.

Dawa ya kuchomoa waya wa betri, iliyofuta ushahidi wake mara saba, nilimpa mimi pia. Mjomba ana kosa moja tu, la kuficha redio. Muulize kwa nini aliificha. Hatakwambia vizuri. Muulize mara mbili.

Na hadi kiungo kirekebishwe, tafadhali gari lisibebe mtu.

Fundi wa umeme (bado najifunza)


13 Juni

Kwa fundi anayejifunza,

Barua yako ilisomwa mbele ya kamati. Fundi wetu alifanya kipimo ulichoeleza. Volti zilishuka kutoka kumi na nne hadi nane, na injini ikazimika mbele ya wajumbe sita.

Kamati imeamua: tuhuma ya kuzima gari kwa makusudi imefutwa. Dereva anaendelea na kazi. Amepewa onyo la maandishi kwa kukiuka amri ya redio, na redio imebaki ofisini kwangu.

Nilimuuliza mara mbili.

Gari limesimamishwa, na kwa sasa tunaazima la kituo jirani. Nimeelekeza aliyekata waya ndiye aje aurekebishe, mbele ya fundi wetu, tarehe 17 saa mbili asubuhi. Njoo na vifaa vyako. Tepu nyeusi usije nayo.

Afisa Usafiri


19 Juni

Bibi Tester,

Shikamoo. Ulinipa siku mbili, nimechukua tatu. Kabla hujampa mtu mwingine na ovaroli yangu, nisikilize.

Kazi nimefanya kama ulivyoagiza. Nimekata kile kiungo cha zamani chote, nimeunga waya mpya kwa lehemu, nimevisha mpira, nimefunga kwenye chuma usitikisike. Fundi wa ofisi akauvuta kwa koleo mara tatu. Nimepima mita ikiwa imechomekwa saa nzima, taa zote zinawaka, feni, king'ora, kila kitu. Volti hazikushuka hata punje. Sikujisifu. Muulize Afisa, yupo shahidi.

Nilipotaka kuondoka ukaja mwito. Mzee mmoja mwashi, kaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Afisa akasema, "Fundi apande, alisikilize gari njiani." Basi nikapanda mbele na mjomba. Injini ilikwenda kama saa. Tulimfikisha hospitali anapumua, hata alimshika nesi mkono. Tukawa bado tunakunja shuka daktari akatoka, akamtazama mjomba, akatikisa kichwa. Wanajuana hao, hawahitaji maneno.

Tukarudi. Mjomba, mimi, na machela nyuma. Bibi, ule mlio aliuandika kwenye barua nikadhani nimeuelewa. Sikuwa nimeuelewa. Kila shimo unagonga, na wewe unaanza kungoja shimo linalofuata. Kilomita ishirini sikufungua kinywa. Mimi! Ungelipia kiingilio kuja kuona.

Mjomba akasema, "Ongea."

Nikasema, "Niongee nini?"

"Leo ndiyo unauliza?"

Sikuwa na hadithi ya kujisifia, zote zilikuwa zimekwisha. Nikaanza na vile viungo ulivyoniamuru nivifungue wiki iliyopita kabla sijasafiri, vyote nilivyowahi kufunga gerejini kwako tangu nifike, arobaini na kimoja. Nikamsimulia kimoja kimoja: gari la nani, waya upi, siku ile nilikuwa na haraka gani, niliongopa nini. Cha tatu, cha teksi ya yule mama anayependa kubishana, akaguna. Cha tisa, nilichofunga kwa kamba ya kiatu, akacheka, akaniita mhuni, akaniambia rudia hapo pa kamba. Nikarudia. Machela ikawa inagonga, lakini ikawa inagonga huko nyuma.

Nilipofika cha ishirini na nane tukaliona geti la kituo. Mlinzi akalifungua. Mjomba akapunguza mwendo, akalipita bila kuingia, akaegesha ukutani mbele kidogo, hakuzima injini.

"Malizia," akasema. "Bado kumi na tatu."

Fundi wako